Adabu ya Kutouliza

Dokta Jalia Abdunoor alikuwa hodari wa kuwauliza bibi za watu mambo ambayo hata waume zao hawakuthubutu kuyagusa. Kwa miaka mingi alizunguka mitaa ya Katwe na Kisenyi akivua viatu milangoni, akipokea chai hata kama tumbo limeshajaa, kisha akiuliza bila kupepesa macho. Mkojo unakuponyoka? Kizazi kimeshuka? Tangu hedhi ikome, umewahi kuona damu tena? Chuo kikuu kilimthamini kwa hilo. Alialikwa kwenye makongamano ya ng'ambo, akaandika juu ya uzee na afya ya wanawake, na sasa alikuwa anangojea uprofesa.

Kisenyi alikozaliwa hawakubabaika naye. Walimwita dokta asiye na sindano, naye alicheka pamoja nao, maana ni kweli hakuwahi kumdunga mtu.

Alikuwa na sharti moja la kazi, na msaidizi wake Atoo alilijua vizuri: kabla ya swali la kwanza, watoto wa mwenye nyumba watoke nje. Mama hasemi ya mwilini mbele ya aliowazaa. Jalia alilifundisha hilo darasani, na wanafunzi wakaliandika. Haikumpitikia kwamba yeye naye ni mtoto wa mtu.

Mama yake, Hajati Zulaikha, alikuwa mjane, akisuka makawa ya rangi ya kufunikia vyakula barazani nyuma ya magereji, na mafundi walimwamkia kila asubuhi. Ndiye aliyemfunza Jalia adabu za nyumba za Kinubi. Alipovunja ungo, Ramadhani ya kwanza ile, Jalia alikula jikoni mchana, na baba na kaka zake wakapita wakijitia hamnazo. Mwanamke asiposwali, asipofunga, haulizwi kwa nini. Sababu inajulikana, na kuitaja ni kumvunjia heshima.

Kwa hiyo Ramadhani iliyopita, Jalia alipomkuta mama yake anatafuna muhogo mchana kweupe, alinyamaza. Kina mama wa jirani walipokwenda tarawehe na Hajati akabaki amekaa, alinyamaza vilevile. Alijiambia ni uzee tu, magoti yamechoka. Mtu aliyesomea uzee mpaka nywele zikaota mvi alitoa jibu ambalo angemfelisha nalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Lakini adabu ikishaingia kwenye damu, shahada haiitoi.

Miezi ikapita. Jioni moja wakitoka kazini, Jalia na Atoo walipitia kwa Hajati. Adhana ya magharibi ikalia. Jalia akatawadha, akatandika mkeka, akaanza kuswali. Hajati aliendelea kusuka. Atoo alikuwa binti wa polisi kutoka Gulu, Mkatoliki aliyekulia kambini, na ya mkeka hakuyajua.

"Mama, Dokta naswali," Jalia alimsikia akisema nyuma yake. "Wewe hapana swali?"

"Mimi hapana weza, mutoto yangu. Iko na damu."

"Damu ya nini, Mama?"

"Ya wanawake. Ilirudi tu. Toka mbele ya Ramadhani, haitaki kukatika."

Jalia alikuwa amesujudu, paji la uso liko chini, na akakaa hapo hapo, akashindwa kuinuka. Swali lile lile alilolipeleka kila nyumba ya mji huu liliulizwa kwa mama yake na mtu asiyejua kwamba haliulizwi. Alimaliza rakaa zake bila kujua alichosoma.

Hospitalini daktari alifunga pazia, akaanza maswali. Hajati alimtazama binti yake, akainamisha uso.

"Mwanangu atoke nje kwanza," akasema.

Jalia akatoka. Alisimama ukumbini kati ya watoto wengine wa watu, akingoja kuambiwa.

Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikwisha kuenea. Daktari hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kama wangekuja damu ilipoanza, angekuwa na mengi ya kufanya. Jalia aliitikia kwa kichwa, kwa sababu sentensi hiyo aliwahi kuiandika mwenyewe.

Kilichomkata maini zaidi kilikuja baadaye. Mwalimu Aminah wa madrasa alipokuja kumjulia hali mgonjwa, alimweleza kwa upole kwamba damu isiyokatika si hedhi, ni damu ya maradhi, na mwenye maradhi hajakatazwa kuswali. Hajati alikuwa ameipokea habari ya kifo chake bila chozi. Hii aliililia kama mtoto.

"Mwaka mzima nilikuwa naitwa," alisema, "nami nimekaa nasuka."

Na hilo la damu ya maradhi Jalia alilijua tangu utotoni. Neno moja tu kutoka kwake lingemwokolea mama yake swala zake, na pengine uhai wake. Hakulisema, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye adabu. Alijichukia kwa hilo, na anajichukia mpaka leo.

Siku zilizobaki Hajati alizitumia kulipa swala, amelala, akirukuu kwa macho. Jalia alishika birika na beseni, akamtawadhisha kidole kimoja kimoja. Maumivu yakizidi, ulimi wa mgonjwa ulikwama katikati ya Fatiha, naye akaanza tena mwanzo. Alifariki kabla hajazimaliza.

Uprofesa ulikuja. Wenzake walimpigia makofi, naye akashukuru kwa maneno machache.

Alirudi Kisenyi na Atoo. Nyumba ya kwanza, bibi mmoja aliwakaribisha, na binti yake akaleta chai. Atoo, kama alivyozoea, akamwomba binti atoke nje.

"Abaki," Jalia akasema. Kisha akamgeukia yule binti. "Mama yako bado anaswali?"

Binti akamtazama mama yake, na mama akayakimbiza macho yake kwenye kikombe.

"Sijui, Dokta," binti akasema. "Hayo kwetu hatuulizani."