Presha Utaisikia kwa Jirani

Kila asubuhi, kabla hata ya kuwafungulia kuku, Paskalina wa Endagikot alikuwa na kazi moja ya kujiumiza roho, nayo ni kujitafuta kwenye simu. Aliandika "vitunguu saumu Mbulu", akabofya, akasubiri mtandao unaosuasua, kisha akaanza kushuka. Aliwapita wauzaji wa Arusha na wa Dar es Salaam, akampita hata jamaa mmoja ambaye, kwa jinsi alivyoandika, saumu alikuwa ameiona kwenye picha tu. Ukurasa wa pili hayupo, wa tatu hayupo. Kwenye ukurasa wa tano, chini kabisa, ndipo alipojikuta, na tovuti yake yenye picha ya shamba lake mwenyewe imejikunyata huko kama mgeni asiyekaribishwa.

Na saumu ilikuwa imejaa stoo. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Saumu si mahindi, bwana. Ukiichelewesha inasinyaa ndani ya maganda, nyingine inachipua, na mnunuzi akiiminya kwa vidole anaiweka chini bila kusema neno. Walanguzi wa malori walilijua hilo vizuri. Walikuja, wakataja bei ya matusi, wakadai gunia la lumbesa, lile la kujazwa mpaka linaota kichwa, kisha wakaondoka bila haraka. Walijua atawapigia mwenyewe. Msimu uliopita aliwapigia kweli, na alipokata simu alilia kwa hasira. Msimu huu aliapa kwamba saumu yake itanunuliwa na watu wanaoila.

Ndiyo sababu ya tovuti. Aliyemtengenezea ni Idd, Mrangi wa Kondoa mwenye steshenari Mbulu mjini, mtu mpole anayepiga picha za pasipoti, anayechapa barua za kuomba kazi, na anayejua mambo ya mtandao kuliko anavyojionyesha. Paskalina alimwendea na malalamiko yake.

"Idd, tovuti yako imelala. Watu hawanioni."

"Haijalala, dada. Imejificha."

"Mimi najua kizuri chajiuza."

Idd akacheka. "Hiyo ni ya sokoni. Kule Google hata kizuri lazima kijitembeze. Wewe umeandika unachouza. Watu hawatafuti unachouza, wanatafuta kinachowasumbua. Njoo uone."

Akaandika kwenye kompyuta "kitunguu saumu", akaacha hapo hapo. Chini yake yakajitokeza yenyewe maneno ambayo watu wengine wamekuwa wakiyauliza. Faida za saumu. Saumu na presha. Saumu tiba ya presha bila vidonge. Paskalina aliyasoma kwa mshangao. Kumbe nchi nzima ilikuwa imelala na presha zake, inamuuliza Google.

"Andika kuhusu hilo," Idd alisema. "Ukiwajibu vizuri, wakafungua, wakatulia wakasoma, Google anakupandisha. Wakifika wanakuta na saumu unauza."

Kuandika hakukuwa mzigo kwake. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama mkubwa, Mwalimu Perpetua, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma, kuandika, na kunyamaza watu wazima wakiongea. Darasa la tano Paskalina aliandika insha kuhusu mwaka wa mavuno mema, akaimaliza hivi: "Mwaka ule njaa tuliisikia kwa jirani tu." Mwalimu Perpetua aliisoma mbele ya darasa lote, akaenda nayo ofisini akawasomea na walimu wenzake. Tangu siku ile Paskalina alijua kwamba ana mkono wa kuandika, ingawa maisha yalimpa jembe.

Mara ya kwanza aliandika kwa adabu. Alisema saumu ni chakula kizuri, wazee waliisifu, lakini mwenye presha asiache kumwona daktari. Ukurasa ule ulipanda kidogo, ukachoka, ukakaa. Idd akausoma, akakuna kidevu.

"Umeandika kama mtu anayeogopa, dada."

Basi akaandika kama mtu asiyeogopa. Juu aliweka kichwa cha habari: Tiba ya Presha Bila Vidonge. Na chini yake sentensi iliyomjia yenyewe, tamu, ya kukaa mdomoni: "Punje mbili asubuhi, punje mbili jioni, na presha utaisikia kwa jirani."

Idd alisita kabla ya kuuweka hewani. "Hili la bila vidonge una uhakika nalo?"

"Bibi yangu alikula saumu maisha yake yote, akafa mzee kabisa."

Idd hakuuliza zaidi. Naye alikuwa na hamu ya kuwa na kazi moja ya kuwaonyesha wateja wengine, akisema, huyu nilimtoa ukurasa wa tano. Hivyo wawili hao, watu wema kabisa, waliuachia uongo ule ukatoka.

Ukapanda. Mashine ile haijui presha ni nini. Inajua tu kwamba watu wamefungua na hawakuondoka haraka. Siku moja asubuhi Paskalina alijitafuta na hakuhitaji kushuka, alikuwa pale juu, wa kwanza, kwenye uso wa ukurasa wa kwanza. Alipiga kigelegele peke yake uani mpaka kuku wakatawanyika. Simu zikaanza kuingia kutoka Dodoma, Mwanza, Morogoro. Akawa anapeleka mizigo stendi, anaandika majina ya watu asiowajua juu ya mifuko, anawaita wote "mteja wangu mpendwa". Walanguzi walipopita tena, aliwapa chai na kuwaaga. Raha ile ilikuwa ya kweli, tusimnyime.

Aliyeitia doa ni Evelyne, nesi aliyehamishwa kutoka Newala, mpangaji wake katika chumba cha uani. Jioni moja walikuwa wanachambua mchicha pamoja.

"Mama, hivi watu wa huku mmepatwa na nini?" Evelyne alisema. "Wagonjwa wa presha wanapungua kliniki, na si kwamba wamepona. Leo nimempigia mzee mmoja, ananiambia yeye sasa anakula saumu, kasoma Google. Presha yake ile, akiacha dawa siku chache tu anaanguka. Natamani nimjue anayeandika upuuzi huo."

Mkono wa Paskalina ulisimama ndani ya mchicha. Aliona aibu, aibu ya moto, iliyoanzia shingoni. Halafu, kama ilivyo kawaida ya aibu, ikageuka hasira, akamchukia Evelyne kwa muda, na sufuria yake, na sare yake nyeupe inayoanikwa uani pale pale.

"Watu na mitandao," alijibu, akaendelea kuchambua.

Angeweza kuufuta siku ile ile. Lakini stoo ilikuwa nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa imeanza kuchipua. Akajiwekea ahadi: saumu ikiisha, naufuta. Kila mkosaji ana ahadi ya namna hiyo mfukoni.

Haikupita muda mrefu, Mwalimu Perpetua akapiga simu kutoka Masieda, alikorudi kulima baada ya kustaafu. Mwanawe wa kumzaa alimnunulia simu kubwa, naye akawa anasoma kila kinachopita mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Nitumie saumu yako, ile nzito nzito. Nimeanza dozi." Akacheka kile kicheko chake cha darasani. "Punje mbili asubuhi, punje mbili jioni, na presha nitaisikia kwa jirani!"

Paskalina alikaa juu ya gunia. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamezunguka dunia yakarudi kwa sauti ya mtu aliyemfundisha herufi.

"Mama, vidonge vyako vya presha unavimeza lakini?"

"Vimeisha. Na nauli ya kufuata vingine, na foleni ile... Nijichoshe nini, na dawa iko shambani kwako?"

Hapo ndipo pa kusema. Alikuwa na maneno matatu tu ya kusema: mama, ni uongo. Lakini angeulizwa umejuaje, na jibu lake lilikuwa kubwa kuliko ujasiri wake. Akasema, "Usiache vidonge, mama. Jumamosi nakuja, nakuletea." Akajiambia kwamba siku chache hazina neno, wakati Evelyne alishamwambia wazi kwamba zina neno.

Jumamosi haikumsubiri. Ijumaa asubuhi, akiwa stendi anafunga mzigo wa Dodoma, alipigiwa na Tluway, jirani wa Mwalimu Perpetua. Mama kaanguka jikoni. Mdomo umekwenda upande. Wanamtafutia gari la kumpeleka hospitali.

Mzigo wa Dodoma aliuacha pale pale chini.

Hospitalini alimkuta mama yake mkubwa amelala, upande wa kulia umekufa, jicho moja linamtazama na jingine haliko naye. Daktari akasema ni kiharusi, akauliza kama mgonjwa alikuwa anatumia dawa zake. Paskalina akajibu kwamba ziliisha. Ulikuwa ukweli, na alijichukia kwa kuutumia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na yeye aliyasikia maneno hayo tangu utoto bila kuwaza kwamba siku moja yatakuwa habari yake.

Alitoka nje kwenye benchi, akampigia Idd.

"Futa ule ukurasa."

"Dada, tutarudi kule kule chini."

"Futa, Idd! Mama yangu kaanguka kwa ajili yake."

Idd akasema, "Naufuta sasa hivi. Na mimi nilikuuliza mara moja tu, nilipaswa kukuuliza tena." Aliufuta kweli. Tovuti ikateleza siku baada ya siku mpaka ukurasa wa tano, halafu ikapotea hata huko. Paskalina akawapigia walanguzi, wakaja, wakachukua saumu iliyochipua kwa bei yao, na safari hii hakulia. Hakuona kama ana haki ya kulia.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Alipofika steshenari, Idd alimgeuzia kompyuta. Sentensi yake ilikuwa bado pale juu. Muuza mafuta ya asili mmoja ameinakili, mtu mwingine ameiweka chini ya picha ya mzee anayecheka, wa tatu ameongezea asali. Ilikuwa imepata wenyewe wengi, kasoro yeye.

"Zifute hizo."

"Siyo zetu, dada. Nimewaandikia wote. Hakuna aliyejibu."

Basi akaomba karatasi, akakaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, akaandika upya. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyetunga maneno yale ya punje mbili, kwamba aliyatunga ili auze, kwamba saumu ni chakula na vidonge ni vidonge, na kwamba mama yake mkubwa aliviacha vidonge akaanguka jikoni. Idd alichapa, akauweka hewani.

"Utapanda?"

Idd alitazama kompyuta, siyo yeye. "Sidhani. Hakuna anayetafuta habari kama hii."

Evelyne naye aliambiwa, kwa sababu Mwalimu Perpetua aliporuhusiwa kutoka hospitali aliletwa Endagikot, na nesi ndiye aliyekuwa anampima presha kila jioni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Alisema tu, "Wale wengine walioacha kuja, sina namba za wote," akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Paskalina angependa afoke.

Aliyebaki ni mmoja. Siku ya jua, alimtoa mama yake mkubwa nje, akamwegemeza ukutani, akamfunika shuka miguuni, akamnywesha uji kwa kijiko na kumfuta upande wa mdomo usiojua kwamba umelowa. Kisha akafungua simu na kumsomea ule ukurasa, kuanzia juu mpaka chini. Alipomaliza hakuinua macho.

"Nilijua," Mwalimu Perpetua alisema. Maneno yake sasa yalikuja moja moja, kwa taabu.

"Ulijua nini, mama?"

"Ni wewe. Darasa la tano. Njaa... kwa jirani." Mkono mzima ukapapasa juu ya shuka mpaka ukaupata mkono wa Paskalina. "Google... simjui. Wewe nakujua. Ndiyo maana... niliamini."

Paskalina aliinama akalilia magotini pa mama huyo, kilio cha sauti, mchana kweupe, bila kujali nani anapita njiani. Alikuwa amejipa moyo kwamba mama alidanganywa na mtandao kama watu wengine. Kumbe alikuwa amedanganywa na mwanawe.

Mwalimu Perpetua alimwacha alie. Kisha akauliza, "Huu wa leo... wamesoma wangapi?"

Paskalina alijifuta kwa khanga, akatazama simu, ingawa jibu alilijua.

"Wewe tu, mama."

Mwalimu alifumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani mtoto akishindwa kusoma vizuri mbele ya wenzake.

"Soma tena," alisema. "Taratibu."