Nguzo Sita za Bi Pini

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nikayaona kwa macho haya mawili na miwani ya kuazima, na bado nahisi nilipigwa changa la macho.

Dada yangu ni mshonaji. Wateja humwita Bi Pini, maana huongea huku amebana pini tatu midomoni na hajawahi kumeza hata moja. Alishona sare za shule miaka kumi na minane, akapata kiwanja, akaandikiana na fundi mkataba wa bei moja: toka msingi mpaka funguo mkononi, hata simenti ipande vipi. Shahidi nilikuwa mimi, msomi wa familia. Niliisoma karatasi yote, isipokuwa upande wa nyuma. Nilijua ni mweupe.

Sasa, kiwanja kilichopakana na chake kilikuwa cha mke wa mdogo wetu, yaani wifi yake. Ramani ileile, fundi yuleyule. Wivu wa dada yangu hauna kelele, unakaa shingoni. Kila akija kuangalia kazi, shingo hiyo inarefuka juu ya ukuta.

"Fundi, dirisha la wifi mbona lina upinde?"

"Ameomba, mama."

"Na langu?"

"Lako la mraba, kama ramani."

"Mkubwa ni mimi! Niwekee upinde. Madirisha yote."

"Hakuna shida, mama. Tia sahihi hapa kwenye daftari."

Akatia, pini mdomoni. Wifi akataka milango mipana. Dada akataka mipana zaidi, ya kupitisha lori la mchanga mpaka sebuleni na kuligeuza humohumo. Wifi akaweka vigae bafuni hadi kiunoni. Dada akaagiza hadi darini. Wifi akasimamisha nguzo nne barazani. Dada akasaini sita.

Nami nisijifanye malaika. Kijicho kilinishika. Mtu ana nguzo sita, mimi nimepanga chumba ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba! Badala ya kumzuia, nikamchokoza: "Sita zitatosha kweli, dada?"

Kuta zilipofika juu, fundi akaleta orodha ya nyongeza. Jumla yake ilikuwa sawasawa na bei ya cherehani ya dada ya kudarizi, ile inayoandika majina ya shule kwenye mifuko ya mashati. Akiiuza, hana kazi. Asipolipa, bati halipandi.

"Tuliandikiana bei moja!" Safari hii hakuwa na pini hata moja mdomoni.

"Bei moja kwa nyumba ya kwenye ramani. Geuza karatasi, mama."

Tukageuza. Upande ule haukuwa mweupe, uliandikwa: Mabadiliko yote atakayoomba mwenye nyumba, gharama ni yake. Dada akanitazama. Mimi nikatazama kokoto.

"Huu ni wizi, fundi."

"Wizi? Gauni la mke wangu umelisahau? Ulishakata kitambaa, akataka mikono mirefu. Ulinitoza kitambaa na kazi juu. Nilipolalamika ukanionyesha kibao chako ukutani: mkasi ukishapita, mabadiliko anayalipa mteja."

Dada akaitazama orodha upya. Kibao kile kakiandika kwa mkono wake.

Baadaye akauliza, taratibu, "Na pale ambapo mkasi haujapita?"

Fundi akapekua daftari. Upinde ulishajengwa, huo hauna dawa. Ila milango haikuwa imechongwa na nafasi zake zinapunguzika kwa matofali, vigae havijanunuliwa, nguzo hazijaanza.

"Milango irudi kama ramani. Vigae futa."

"Na nguzo?"

Dada akarefusha shingo. Ng'ambo ya ukuta wifi alikuwa anapangusa zake kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, kama anaogesha watoto.

"Wifi!" mke wa mdogo wetu akamwita dada. "Za kwako zinasimama lini?"

Dada alizitazama zile nguzo nne kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake.

"Futa," akamwambia fundi. "Zote sita."

Madirisha ya upinde kayalipa kwa sare za muhula mmoja, na bati likapanda. Cherehani ipo, inadarizi hapa nyuma yangu ninapoandika kwenye meza yake ya kukatia. Akipita kwa wifi bado anazihesabu zile nguzo, labda moja imeanguka.

Lakini msidhani alijiokoa peke yake. Mimi nilimsimamia fundi nikamchambulia sheria, kifungu kwa kifungu, mpaka akatetemeka, akavua kofia, akapiga magoti kwenye kokoto na kusema, "Mzee, toka nizaliwe sijaona msomi wa mikataba kama..."

"Kaka!" Dada ananikatiza, anasoma juu ya bega langu. "Nani kapiga magoti? Uliyekuwa chini ni wewe, unatafuta miwani. Na hiyo miwani ni ya fundi, kamrudishie."