Siku Niliyopunguza Uzito wa Gari la Baba

Mpaka leo nikipita sokoni Kibondo kuna mama mmoja muuza dagaa ambaye akiniona tu huinuka kwenye kigoda chake, hukipangusa kwa khanga na kunisogezea, "Revo baba, kichukue, usione haya," na wenzake wote huangua kicheko, nami nacheka nao kwa sababu nilishajaribu kununa na haikusaidia. Sasa nimeona bora niwasimulie mwenyewe, maana habari hii ikifika Kasulu inakuwa imeongezwa mbuzi wawili na polisi, na ukweli wenyewe unatosha kabisa kunivua nguo.

Baba ana gari la zamani lenye buti ndefu, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na limebeba maharage ya nusu ya kijiji cha Kumsenga. Tangu nimalize chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira, mimi na fundi mmoja rafiki yangu tulikuwa tukilibadilisha taratibu: tukalifungulia njia ya hewa, tukalifungia usukani mdogo, tukaling'oa sailensa (baba akaamini ekzosi imeoza, na mimi sikuona sababu ya kumpokonya mtu mzima imani yake). Basi vijana wenye magari ya aina hiyo, wa Kibondo na wa Kasulu, wakapata ruhusa ya kutumia uwanja mmoja wa changarawe nje ya mji, wakapanga matairi chakavu kuwa kona, mtu akimbize gari peke yake huku wenzake wakishika saa. Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Jumamosi hiyo hiyo, saa nane mchana, dada yangu Espe alikuwa anaolewa.

Bibi harusi alitakiwa kwenda kanisani kwa gari letu. Mimi ndiye niliyesisitiza. Espe alitaka kuazima gari la jirani, nikamwambia, "Dada, dereva ni mimi, una wasiwasi gani?" Akasema, "Wasiwasi wangu ni huo huo." Lakini akakubali. Mchungaji alikuwa na ndoa mbili siku hiyo na alishatangaza kwamba watakaochelewa watasubiri Jumamosi inayofuata, kwa hiyo nilihesabu: saa tatu nipo uwanjani, saa tano nimemaliza, saa sita gari limeoshwa na lina maua. Nyumbani nikaaga kwamba napeleka gari kuoshwa.

Baba akanikumbusha jambo analolikumbusha kila siku. "Likiwa tupu, liwekee gunia la mchanga nyuma. Lisipokuwa na mzigo linateleza."

"Nani amethibitisha, baba?"

"Mtaro wa Kumsenga. Ulinimeza."

Mimi ni mtu wa kutaka ushahidi, na mtaro mmoja si ushahidi. Nilichojua mimi ni kwamba gari jepesi hukimbia kuliko gari zito. Nikachukua spana, nikafungua bolti nne, nikazitia mfukoni, nikatoa kiti chote cha nyuma na kukiegemeza ukutani chini ya upenu, nikiwaza kwamba nikirudi nitakirudisha kwa dakika kumi. Huo ndio uamuzi wenyewe. Bolti nne.

Uwanjani gari lilipakwa namba 9 mlangoni kwa rangi nyeupe ya viatu, nikajisikia mtu. Aliyetangulia alikuwa Kristina, mfanyabiashara wa Kasulu, ambaye alikuwa anapita tu kwenda mnadani na gari kama letu, akashawishiwa kujaribu, magunia mawili ya muhogo mkavu yakiwa kwenye buti na mama mkwe wake amekaa nyuma kakumbatia mkoba, na yule bibi alikataa katakata kushuka ("nibaki na nani hapa, na hawa wahuni?"). Wakazunguka uwanja gari likiwa limeng'ang'ania ardhi kama kupe, bibi anamlilia mama yake kwa Kiha, "Mawe! Mawe!" kila kona, wakamaliza salama.

Nikaja mimi. Sauti ilikuwa kubwa sana, hilo nilishinda. Kona ya kwanza mkia wa gari ukaamua kutangulia, nikaurudisha, kona ya pili ukatangulia tena, nikazunguka mara tatu mfululizo kama mtu anayetafuta miwani yake, nikaingia kinyumenyume kwenye dimbwi la udongo mwekundu na kutulia humo. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka yakirusha tope hadi kwa washika saa, gari halikwenda hata shubiri.

Kristina akaja na kamba. Akachungulia ndani, akachungulia tena. "Wewe si ndiye yule msomi? Gari linasukumwa na nyuma, halafu nyuma yenyewe umeiacha nyumbani?"

(Na hapo ndipo somo zima la msuguano, ambalo nililifaulu vizuri sana, lilinirudia kichwani, likiwa limechelewa kama mimi.)

Kamba ilikatika mara mbili. Nilifika nyumbani saa saba, gari likiwa jekundu mpaka kwenye vioo, nikarukia upenuni na spana mkononi. Kiti hakikuwapo.

Kilikuwa sebuleni. Viti vyote vya nyumbani vilikuwa vimepelekwa kwenye ukumbi wa sherehe, mama akaona kiti kirefu, laini, kimekaa bure, akakitandika kitambaa cheupe cha kufuma na kumkalisha juu yake Mzee Nashoni, baba wa bwana harusi, aliyekuja na msemaji wake kumwomba bibi harusi kama ilivyo desturi yetu, mzee akiwa na glasi ya juisi ya ndizi mkononi. Msemaji, katika kuhesabu ukoo wao, alikuwa amefika kwenye ng'ombe wa babu wa bwana harusi, na alikuwa bado na kizazi kizima mbele.

Nikamnong'oneza baba. Akafumba macho. "Mkwe ukimwinua kitini kabla ombi lake halijajibiwa, umemfukuza. Unataka nimfukuze?"

Espe akatokea mlangoni na shela lake. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi na tope langu, na mdomo ukaanza kumtetemeka. Nimezoea kubishana na Espe. Sijazoea kumliza.

Nikaenda katikati ya sebule, nikapiga magoti, nikasema yote: ekzosi, uwanja, kiti, mpaka dimbwi. Msemaji akaacha ng'ombe njiani.

Mzee Nashoni akanywa kidogo. "Kwa hiyo, kijana wangu, huo uzito uliouondoa ndio nimeukalia mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Ego, ndiyo. Nimekaribishwa kwenye kiti hiki, na sitokiacha mpaka nijibiwe. Lakini sijasema lazima kiwe sebuleni."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye aliinuka mwenyewe (akiinuka mwenyewe si kufukuzwa, niliuliza baadaye), tukakibeba kiti, akaenda nasi hadi kwenye gari mkono wake mmoja ukiwa juu yake, nikakaza bolti mbili tu maana nyingine zilinidondoka mfukoni na kuzama dimbwini, akaketi tena, kitambaa kikiwa pale pale, Espe akaketi pembeni yake, na msemaji akamalizia kizazi kilichobaki kupitia dirishani mpaka baba akajibu, "Tumewapa."

Tulifika kanisani saa nane kasoro dakika mbili, namba 9 mlangoni, bila sailensa, kwaya ikanyamaza yenyewe, na watu walipogeuka wakaona bibi harusi anashuka kwenye gari la matope akiwa ameshikwa mkono na baba mkwe. Kila mtu akauliza kwa nini, na Espe, ambaye alikuwa ameshaanza kucheka, akawaeleza wote.

Bado nauliza maswali. Ila nimeapa kwamba sitafungua tena bolti ya kiti chochote maishani, na baba akisema gunia la mchanga, naenda kuchota mchanga. Nauliza nikiwa nimelibeba.