Amina Kabla ya Wakati

Jirani wa ploti yetu ya kupanga akichemsha chai ya tangawizi, kazi yangu ya shule husimama. Mawazo hunirudisha siku ile akina mama wa jumuiya ya kanisa walipojaa chumbani kwetu na mkate, sukari na nyimbo. Tulikuwa tumemzika baba, na tangu hapo mama alijifunika blanketi, akautazama ukuta, hataki kula wala kusema. Niliogopa naye ataondoka.

Mwenyekiti wa jumuiya, bibi mmoja mzee, akaomba. Akawaombea wagonjwa, wajane, mpaka makonda wa matatu za Eastleigh. Chai ya tangawizi ilikuwa mezani, inapoa. Aliponyamaza kidogo kuvuta pumzi, nikapaza sauti: "Amina!"

Kwa mazoea, chumba kizima kikaitikia, "Amina!"

Mwenyekiti akafumbua jicho moja. "Wewe kijana, sijamaliza!"

"Lakini Mungu ameshasikia, shosho. Kwani ni kiziwi?"

Blanketi likaanza kutikisika. Nilidhani mama analia, kumbe anacheka. Akaketi, akapangusa macho. "Basi nimiminieni na mimi, kabla huyu hajatufungia ibada."

Mama alipomaliza kikombe, mwenyekiti akaendelea na maombi yake, ila sasa yalikuwa ya kushukuru.