Siku Linah Alipopiga Magoti Chumba cha Mtihani

Chepkirui ni fundi wa cherehani katika duka la nguo la Lajwanti, Kitale mjini. Mwaka jana alisikia kwamba shule moja ya kibinafsi kule Bungoma ilikuwa na mtihani wa kuingia Gredi ya Saba. Binti yake Linah alipenda hesabu kama wengine wapendavyo mandazi, basi mama akamjazia fomu papo hapo.

Hesbon, jirani yake mtaani Kibomet, alicheka hadi akashika mbavu.

"Mama Linah, unajisumbua bana! Hiyo intaviu ni ya macho tu, majina ya watoto wa matajiri yaliandikwa kitambo. Na kama si hivyo, lazima mtoto akariri karatasi za mtihani za miaka yote. Akikosa swali moja, kwisha!"

Maneno hayo yakamwingia. Akasaka karatasi za zamani kila mahali, na Linah akakariri asubuhi na jioni, hata mswaki ukiwa mdomoni, mpaka akaanza kusukuma sahani ya chakula kando.

Siku moja Lajwanti alimkuta fundi wake amekata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Akamuuliza kulikoni, naye akaeleza.

"Wacha mtoto apumue," Lajwanti akasema. "Mwanangu Sandeep nilimkaririsha hivyo hivyo. Alifika kwenye mtihani akasahau hata jina la babake. Linah ale, alale, aende."

Karatasi zikawekwa juu ya kabati.

Jumamosi ya mtihani, baada ya watoto kuandika, mwalimu aliwaita mmoja mmoja mbele kuzungumza nao. Chepkirui alichungulia dirishani. Zamu ya Linah ilipofika, mtoto akapiga magoti sakafuni, akatandaza gazeti, akaanza kulipima kwa shibiri. Mama akabandika uso kwenye kioo. Mtihani gani huu wa kutambaa?

Linah akatoka mbio, macho yanang'aa.

"Mama! Ameniuliza, hilo gazeti lingekuwa kitambaa, vitambaa vingapi vidogo vya meza vingetoka. Nikasema kumi na viwili. Halafu nikakumbuka sijaacha nafasi ya mapindo! Nikamwambia, mwalimu, nimekosea, naomba nipime tena. Ni vinane!"

"Ukamwambia mwenyewe umekosea?"

"Eee!"

Chepkirui akaona yamekwisha. Lakini mwalimu, aliyeitwa Hiram, alitoka akitabasamu.

"Mama, ameacha maswali matatu wazi."

"Pole, mwalimu."

"Pole ya nini? Hayo tuliyafanya magumu makusudi, tuone kila mtoto anafikia wapi. Hakuna aliyeyamaliza. Tunatafuta mtoto anayefikiri, na anayekubali kusahihishwa."

Chepkirui akajikaza. "Na yale majina yaliyoandikwa kitambo?"

"Majina gani?" Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli, hata Chepkirui akaona haya.

Jumatano simu ililia akiwa kwenye cherehani. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tano, kisha akapiga kigelegele kilichowatoa watu maduka ya jirani. Linah amepata nafasi!

"Unangoja nini?" Lajwanti akapaza sauti, naye machozi yanamlengalenga. "Kimbia ukamwambie!"

Chepkirui akakimbia hadi shuleni kwa Linah, futi ya kupimia bado shingoni. Akamkuta uwanjani, anaruka kamba na wenzake. Hakungoja zamu imalizike. Aliingia katikati ya kamba, akamkumbatia mwanawe, wakaruka pamoja.