Choo cha Mkwe

Mama yangu aliacha kunywa maji mwaka ule ule mtaa wetu ulipopata maji safi. Nikisema hivi watu hucheka, wanadhani natia chumvi. Chumvi gani? Mwenye kelele za maji nilikuwa mimi, mwenye kupuliza filimbi kwenye kisima nilikuwa mimi, na aliyekuwa anakauka ndani ya nyumba yangu ni mama aliyenizaa.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa kukaa. Hata leo, na magoti haya, mkiniwekea kiti nitakikalia dakika mbili halafu nitakumbuka sufuria. Mama alikuwa akiniuliza, "Weye, miguu yako inawashaka nini?" Nilizaliwa hapa Likasi, kambini Shituru, kambi ya Kampuni ya shaba, baba akiwa kazini kiwandani. Kambini robineti ilikuwa uani: unafungua, maji yanatoka, hakuna anayesema asante. Kisha nikaolewa na fundi wa magari wa mjini, mtu asiye wa Kampuni, tukanunua lupango chini ya kilima. Lupango ndiyo hivyo tu, kiwanja na ua wake. Robineti hakuna. Nilihesabu kuwa nimeporomoka duniani, na hasira hiyo sikuificha.

Baba alipofariki, nyumba ya kambini ikarudi kwa Kampuni. Ndiyo ilikuwa sheria, nyumba ilikuwa ya kazi, haikuwa ya mtu. Mama akaja kwetu na kitanda chake cha chuma.

Sasa, kwetu sisi ambao wazee wetu walitoka Kasai, mama mkwe kukaa na mkwe wake si jambo la kuamka asubuhi na kulifanya. Tulimjengea chumba chenye mlango wa kuelekea nyuma. Mume wangu akirudi kazini hakohoi kwa sababu ya kifua, anakohoa langoni ili mama asikie, avute kitambaa kichwani na kuingia chumbani. Hawakutazamana hata mara moja. Salamu zao zilipita kwangu. "Mwambie mama nimemsalimu," anasema huyu, na yule yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno. "Mwambie mukwe yangu aksanti." Nilikuwa posta. Lakini msidanganyike, walipendana wale. Heshima yenyewe ndiyo ilikuwa mapenzi yao.

Na penye heshima hiyo, kuna neno la haja. Mama mkwe haweki mguu wake pale mkwe anapojisaidia. Hakuna aliyekufundisha, umelinyonya na maziwa. Zamani halikusumbua mtu. Kilima kilikuwa na nyasi ndefu. Wanawake tulipanda alfajiri, wanaume walikwenda upande wa reli. Ila kisima chetu kilikuwa chini ya kilima hicho hicho, na mvua ya Likasi ikinyesha haichagui cha kubeba. Kila masika watoto waliharisha. Jirani yangu, mwenye kuuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, alimzika wake wa mwisho. Nilimsaidia kumwogesha yule mtoto, na maji tuliyomwogeshea yalikuwa ya kisima kile kile.

Kwa hiyo shirika la Ulaya lilipofika kupitia parokia, nilikuwa wa kwanza kusimama. Walimtuma mzungu kijana, masikio mekundu kwa jua, pamoja na mwalimu wa mjini wa kumtafsiria. Miaka ile ya kuitana sitwayeni, yaani mwananchi, kila Jumamosi tulifanya salongo, kazi ya lazima, na kwa kawaida tulifagia barabara ili mkubwa wa chama apite ndani ya gari akiwa amefunga vioo. Safari hii tulijichimbia wenyewe. Chemchemi ya kisima chetu ilijengewa sanduku la saruji, likatolewa bomba, mfereji ukachimbwa wa kupeleka mbali maji yaliyomwagika. Nyasi za kilima zikakatwa zote, ukawekwa ua. Kila lupango likapewa bamba moja la saruji la kufunika shimo. Shimo chimba mwenyewe, kibanda jenga mwenyewe. Ikaundwa kamati, nami nikachaguliwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nikapewa filimbi. Kupanda kilima kulikatazwa, na aliyepanda alinisikia mpaka Shituru.

Maji yalitoka meupe hivi, unaona kidole chako chini ya kikombe. Mama alikuja na fimbo yake kuonja. "Inapita ile ya Kampuni," alisema. Nilitaka kuruka.

Na choo chetu! Sisi husema musalani. Choo chetu kilisifiwa mtaa mzima. Mzungu aliwaleta wanawake wa barabara ya pili wakitazame. Bamba linang'aa, majivu pembeni, hakuna nzi. Mmoja akauliza, "Hii ni musalani ao ni sakristia?" Wakacheka, nami kichwa kikavimba. Sikujiuliza kwa nini bamba letu lilikuwa likikauka vile siku nzima.

Mama akaanza kupungua. Midomo ikapasuka. Kichwa kinauma, macho yanazunguka. Chai yake naikuta dirishani, imepoa, inzi ndani. "Mama, kunywa." "Ninashiba." Nikimwekea bukari, ndiyo ugali, na sombe ya majani ya muhogo, anamega kidogo, anarudisha sahani. Mimi huyo, mbio kwenye kisima, mbio kwenye mkutano, mbio kumfokea mtu aliyeosha nguo juu ya bomba. "Haraka haraka haina baraka," ananiambia, na sauti yake imekuwa nyembamba.

Jumapili moja, wakati wa kupeana amani, akaanguka kati ya mabenchi.

Tulimpeleka kwenye zahanati ya masista. Muuguzi alimfinya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama. "Huyu mama hanywi maji," akasema. Nikawaka. Kwangu? Mimi, wa kamati? Nyumba yangu ndoo zimejaa hadi mlangoni! Muuguzi hakubishana nami. Alimtundikia chupa ya dawa ya mshipa, akasema figo za mtu mzima si za kuchezea, akirudi hapa hivi mara ya pili hawamwahidi kitu. Kisha akaenda zake.

Nikamgeukia mama. "Mama, mayi iko. Juu ya nini unakatala?"

Akatazama dari. "Mayi inaingia. Na itatokea wapi?"

"Musalani iko!"

"Ile ya mukwe yangu?" Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Mulima munakataza. Njo weye unapigaka filimbi."

Akanieleza taratibu, kwa aibu, uso ameugeuzia ukutani. Alingoja giza. Giza likiingia, anachukua fimbo, anavuka reli peke yake. Ili afike gizani bila kuaibika, hanywi kitu tangu alfajiri. Akirudi anapiga funda moja la kulalia. Tangu ule ua ulipowekwa, ndivyo alivyoishi. Yesu Maria! Hasira ikanipanda: nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mzungu na saruji yake, nikawakasirikia mababu wote wa Kasai waliolala huko bila wasiwasi.

Sikuweza kuketi pale. Nilikwenda kwa miguu hadi gereji. Mume wangu alikuwa chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikaipiga teke.

"Weye, unaendaka musalani ya kwetu?"

Akatoka na uso wa mafuta, akawatazama wenzake, akanivuta kando. "Mama, unauliza nini hapa?"

"Jibu!"

"Apana," akanong'ona. "Hata siku moja. Nilimuachia mama. Minye naendaka huku ku gereji."

Nikacheka kicheko cha wazimu. Kumbe! Huyu kamwachia yule, yule kamwachia huyu, na kila mmoja aliamini mwenzake anakitumia. Choo cha mfano cha mtaa mzima kilikuwa hakijamwona mtu mzima isipokuwa mimi. Nilirudi mbio zahanati kumwambia mama: kiko huru, nenda tu! Akatikisa kichwa juu ya mto.

"Anaweza kuacha. Lakini ni yake. Lupango ni yake."

Hapo nikaogopa kweli. Hasira nilikuwa nimezoea kuishi nayo, lakini woga ule ulikuwa mgeni kwangu. Chupa ya mshipa ingeisha, tungemrudisha nyumbani, naye angerudia kukauka kimya kimya kwa adabu.

Kamati ilikutana kwenye kisima jioni ile. Mzungu alikuwa na furaha, anaeleza bomba la pili litapita wapi. Nikasimama kabla hajamaliza. Wanasema mficha uchi hazai. Nikayamwaga yote mbele ya wanaume: mama, mkwe, choo, reli, fimbo, midomo iliyopasuka. Wanaume wakatazama viatu vyao. Mzungu akamgeukia mwalimu, na mwalimu akameza mate. Naye alikuwa mkwe wa mtu, maskini.

"Tafsiri," nikamwambia. "La sivyo nitamwonyesha kwa mikono."

Akatafsiri. Masikio ya mzungu, ambayo sikudhani yangeweza kuzidi wekundu, yakazidi. Akauliza kama kuna nyumba nyingine yenye shida hiyo. Kisha jirani yangu wa munkoyo akaweka dumu lake chini.

"Minye," akasema. "Mama yangu anasemaka anaenda ku soko. Soko gani kila siku bila kikapo?"

Kukawa na kicheko, halafu mwingine akasema, na mwingine. Zilikuwa nyumba nyingi. Mzungu akatoa kofia. Alisema saruji imekwisha, mabamba mengine yangengoja lori, na lori hakujua lingekuja lini. Alisema kwa huzuni, sikuweza kumchukia. Akasema pia alipaswa kuuliza kwanza, kabla ya kumwaga hata bamba moja.

"Lori ya nini?" Jirani yangu alikuwa ameshika kiuno. "Mama ya huyu iko mukwe ya bwana yangu? Apana. Mama yangu iko mukwe ya bwana yake? Apana. Basi! Mama yake akuye kwangu, yangu aende kwake."

Tulitazamana. Ekye, na tulivyokuwa tumekaa na akili hiyo nyuma ya ua mmoja! Watu walipiga makofi. Mzungu alipotafsiriwa alicheka, akachora chini kwa kijiti milango ya vyoo ikigeuzwa kutazama ua wa jirani, ili bibi asipite uani kwa mkwewe.

Mume wangu hakungoja Jumamosi. Mama akiwa bado zahanati, alikata ua, akageuza mlango wa choo, na kuanzia mlango wa chumba cha mama hadi kwa jirani akapanga matofali yaliyovunjika, akayashindilia moja moja kwa mguu, ili fimbo isiteleze wakati wa mvua. Nilimwambia apumzike. Hakunisikia.

Tulimrudisha mama asubuhi. Mume wangu alikwishatoka ili uani pasiwe na macho yake. Mama alisimama mlangoni pa chumba chake, akaiona njia ya matofali, akaliona tundu la ua. Sikumweleza kitu. Kwa mara moja maishani nilifunga mdomo, na nusura unipasuke. Akaenda taratibu, tak, tak, fimbo juu ya tofali. Penye tundu alikutana na mama wa jirani, naye akija huku. Wazee wale wawili walishikana mikono, wakasalimiana kirefu, afya, watoto, usingizi, kama waliokutana njiani kwenda kanisani, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Mimi nilikuwa nafagia mahali palipokwishafagiwa.

Akarudi. Akanawa kwa majivu na maji ya kikopo. Akaketi kwenye kigoda chake, jua linampiga miguuni, akanyoosha mkono.

"Leta mayi."

Nikaleta. Akanywa kikombe kizima, koo lake linapanda na kushuka, mimi nimesimama na jagi nalia bila kujificha. Akakitoa tena kikombe mbele yangu.

"Unaangalia nini? Jaza."

Nikajaza. Akanywa nusu, akapangusa midomo, akapaza sauti kidogo kuliko ilivyohitajika kwa mtu aliyesimama karibu naye kama mimi.

"Mwambie mukwe yangu aksanti."

Nje ya lango, mtu aliyedhaniwa yuko gereji akakohoa.