Mimba Kwenye Tumbo Lililoshonwa

Daktari aliyenikata tumbo aliniuliza kama nimemaliza kuzaa, nami nilimjibu kwa ukali kidogo, maana swali lenyewe lilinikera. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini. Mapacha wangu walikuwa wameshanipita kimo, na tumbo waliloniachia lilining'inia juu ya kikwembe hata nikifunga namna gani. Mimi ninauza bikwembe, vitenge vya kujifunga, sokoni Dilala. Kazi yangu ni kujifunga kitambaa mbele ya mteja aone kinavyokaa, na wateja haohao ndio waliokuwa wakiniuliza nitajifungua lini. Basi nilisafiri nje ya nchi, ngozi iliyozidi ikakatwa, misuli iliyokuwa imeachana ikashonwa pamoja, nikarudi Kolwezi na kiuno changu na maringo yangu. Watu tuliwaambia nilitibiwa ngiri. Aliyejua ukweli ni mume wangu peke yake, na mpaka leo sijutii.

Halafu hedhi ikakatika. Nilifurahi, nikadhani ni umri, nikajisemea sasa nimepumzika. Nilipoanza kutapika nikasema ni malaria. Muuguzi aliniletea majibu ya kipimo huku akitabasamu, akangoja na mimi nitabasamu. Nilikaa kwenye benchi nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikiwaza jambo moja tu: huyu mtoto atakaa wapi? Ngozi yake niliiacha katika nchi ya watu.

Daktari wa hapa Kolwezi, mama mmoja mpole, aliniambia wazi kwamba hajawahi kulea mimba ya namna hiyo. Afadhali angenificha. Alimpigia simu mwenzake wa Lubumbashi, wakaongea sana, kisha akanieleza kwamba ngozi hutanuka na mtoto atajitafutia nafasi. Kuhusu ule mshono wa ndani hakuweza kuniahidi kitu. Unaweza kushika, unaweza kuachia. Nisiinue mizigo, nisipande pikipiki, na asiwepo mtu wa kunikanda tumbo. Hilo la kukanda alilirudia, kwa sababu anatujua.

Miezi ile niliishi roho mkononi. Tumbo lilikataa kutokea, likabaki bapa hadi wasiwasi ukanimaliza, kisha likapanda ghafla, gumu, likinisukuma mbavu hadi nikawa napumua kwa shida. Ngozi iling'aa na kuwasha. Mgodi ukilipua miamba mchana na vioo vya madirisha vikatetemeka, nilijikunja kulikinga tumbo, kana kwamba baruti ingefungua uzi. Zamani niliwacheka watu wa Kasulo waliochimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, wakalala juu ya mashimo wakisikiliza ukuta kama unapasuka. Sasa nami nilikuwa nasikiliza. Kila nikikohoa nilisimama kwanza, nikangoja nione kama kuna kitu kimekatika.

Mume wangu anaendesha lori la mizigo kwenda mpakani Kasumbalesa, na foleni ya huko inajulikana. Alikuwa hayupo siku mama yake alipofika kutoka Kasongo. Kwao mimba ikikomaa mama mkwe huja. Haitwi, anakuja tu, na chupa yake ya mafuta ya mawese, kumkanda mkwe tumbo na kumpanga mtoto akae sawa. Alinikanda hivyo wakati wa mapacha, na mikono yake niliipenda. Sasa niliiogopa kuliko baruti ya mgodini.

Asubuhi ya kwanza nilimwambia nina usingizi. Ya pili, kwamba wateja wananingoja. Kisha nikaanza kufunga mlango wa bafu kwa komeo, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki kati ya wanawake. Chupa ya mafuta ilihama kutoka kwenye kiti kwenda mezani, kutoka mezani kwenda dirishani, ikinifuata kila nilipokaa. Nilikuwa na hasira naye kwa sababu nilikuwa na hofu, na hofu ikinishika mimi hununa. Ningeweza kumwambia tangu siku ya kwanza. Lakini huyu ni mwanamke aliyezaa wanane na hajawahi kulalamika mbele yangu juu ya mwili wake. Nilijua nikifungua kikwembe nitaonekana mpumbavu aliyechezea tumbo la uzazi kwa ajili ya urembo, halafu mtoto akipata shida, lawama zote zitakuwa zangu.

Jambo nililolisahau, ama nililojifanya kulisahau, ni maana ya kukataa. Kwetu, mwenye mimba akikataa mikono ya mama mkwe tumboni, amesema bila kusema kwamba mikono ile inakula watoto. Majirani wakisikia hawaulizi sababu.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amefunga mzigo wake na kujitanda mtandio wa safari, ameketi kwenye kiti cha mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Mutoto wangu, kama unawaza mi niko mulozi, uniambie mu macho," alisema. "Siwezi kulala mu nyumba kwenye banaogopa mikono yangu."

Nilifunga mlango, nikavuta pazia, nikafungua kikwembe nikiwa nimesimama mbele yake. Kovu langu linaanzia nyonga hii hadi nyonga ile, na mimba ilikuwa imelivuta likawa pana na jekundu. Kitovu nacho kina kovu lake la mviringo, kwa sababu walilazimika kukitobolea ngozi upya. Mama mkwe aliinama akaangalia, akaangalia tena.

"Nani alikukata hivi?"

"Mi mwenyewe njo nililomba, mama."

"Juu ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu mengi ya heshima: mgongo, misuli, ushauri wa daktari. Yote yalinitoka kichwani. "Batu balikuwa banauliza nitazala lini," nikasema, na machozi yakanishinda, mimi nisiyelia mbele ya watu. Nilimweleza kila kitu, uzi wa ndani, katazo la daktari, jinsi ninavyoogopa kukohoa, jinsi ninavyoogopa kwamba mtoto amebanwa na mimi ndiye niliyembana.

Alinifunga kikwembe mwenyewe, fundo likakaa juu ya tumbo, legelege. Kisha akavua mtandio na kuanza kufungua mzigo wake, akinisema tangu kitambaa cha kwanza hadi cha mwisho, kwamba sina adabu, kwamba ningemwacha apande basi na jina la uchawi mgongoni, kwamba mwanawe naye atasikia akirudi. Sijawahi kufurahi kusemwa namna ile. Mafuta akayarudisha jikoni, akayapikia maharagwe.

Hofu haikuisha, ila tulikuwa wawili. Daktari aliamua nijaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Uchungu uliponishika nilingoja kitu kichanike ndani yangu, nikakingoja hadi nikachoka kungoja, na katikati ya uchovu huo binti akatoka, akapiga kelele, mzito kuliko kila mmoja wa kaka zake. Mshono ulikuwa umeachia kidogo upande mmoja. Daktari alisema nitaishi nao.

Yakabaki maji ya moto. Hayo hakuna mzazi anayeyakwepa kwetu, na daktari aliyaruhusu mradi nisikandamizwe. Asubuhi ya kwanza nyumbani mama mkwe aliweka beseni bafuni, akachovya kitambaa, akakamua, akaanza mgongoni kwa nguvu zake zote. Alipofika mbele mikono ikawa myepesi. Aliniwekea kitambaa chini ya kitovu, akakiacha hapo.

"Inaunguza?"

"Sijue, mama," nikamjibu. "Huku chini sisikie kitu. Tangu balinikata, ngozi ilikufa."

Alikiondoa haraka. Ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu na mimi nilikuwa nimekaa tu, natazama ukuta. Mama mkwe hakunisema. Alichovya kitambaa tena, akakamua, kisha akalegeza kikwembe chake mwenyewe. Tumbo lake lilishuka mbele yangu, lote, lenye mikunjo na michirizi ya watoto wanane, tumbo ambalo sikuwahi kuliona. Akakibandika kitambaa pale, akakunja uso.

"Ingali moto sana," alisema. "Ngoja."

Tukangoja pamoja. Tangu asubuhi hiyo, kila kitambaa kilianzia tumboni mwake ndipo kikaja kwangu.